Riwaya za mapenzi za kihistoria: kosa lipi linasameheka na lipi halisameheki?

Msomaji wa Kirumba ameuliza:

Habari zenu, ndugu wasomaji. Kwa miaka kama sita sasa nimekuwa nikisoma riwaya za mapenzi za kihistoria, nyingi zikiwa za Kiingereza ambazo huzipata kwa muuza vitabu vya mitumba anayetandaza turubai lake kando ya barabara hapa mjini Mwanza, na chache zikiwa za Kiswahili. Nazipenda wala sioni haya kusema hivyo. Nikitoka kazini na kukaa uani na kikombe cha chai, kitabu hunipeleka Uingereza ya mwaka 1811 hadi 1820, wakati mwana wa mfalme alipokuwa akitawala kwa niaba ya baba yake aliyekuwa mgonjwa, na pale mwanamume anapokishika kiganja cha mwanamke ambaye ndiyo kwanza amevua glavu, moyo wangu huenda mbio kana kwamba ni mimi niliyeshikwa. Raha yenyewe ni hiyo: jambo dogo huwa kubwa kwa sababu ukumbi mzima unalitazama.

Hivi karibuni nilinunua riwaya ya Kiswahili ambayo mandhari yake ni ufukwe wa ziwa letu wakati wa Wajerumani. Nilifurahi mno, kwa kuwa ni mara chache nakutana na wapenzi wa zamani waliokaa juu ya mawe haya ninayoyaona kila asubuhi. Sikufika mbali. Msichana anampelekea mchumba wake sangara wa kukaanga, ilhali sangara alipandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960. Baada ya kurasa chache, mtumbwi wa wapenzi hao unanasa katika magugu maji, ambayo wazazi wetu wanakumbuka yalivyoingia mwishoni mwa miaka ya 1980. Nilifunga kitabu. Mume wangu akaniuliza, "Mama Neema, kwani si hadithi tu?" Nikakosa jibu. Naomba mnisaidie: je, kosa la aina hii lina uzito, au nimejinyima raha bure?

Mwalimu Mstaafu, Nansio amejibu:

Binti yangu, umeuliza jambo ambalo nimelifikiria tangu nikiwa bado nafundisha historia. Sangara anaweza kuondolewa na mhariri kwa dakika moja. Weka ningu au furu mahali pake na hadithi inaendelea bila kutikisika. Vivyo hivyo kwa neno "hela", ambalo limetokana na sarafu ya Kijerumani iliyoanza kutumika huku mwaka 1904: mhusika wa mwaka 1885 hakupaswa kulitamka, lakini akilitamka hakuna kinachobomoka. Kosa zito ni lile ambalo ukilirekebisha, hadithi yote inabidi iandikwe upya.

Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuniletea muswada ambamo kijana wa Kisukuma, mwaka 1893, anatoa ng'ombe thelathini za mahari, baba wa binti anaridhika, na harusi inafungwa. Nilimuuliza ng'ombe hao walitoka wapi. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka ilipita Afrika Mashariki na kufyeka mifugo, watu wakabaki na mazizi matupu. Kijana yule alinyamaza, kisha akasema kwamba basi hadithi yake imekufa. Nikamwambia kwamba ndiyo kwanza imezaliwa. Watu wawili wanapendana, zizi limebaki samadi tupu, na wazee wameketi chini ya mti wakibishana kama majembe ya chuma yatapokelewa badala ya ng'ombe, huku binti akisikiliza kutoka nyuma ya ghala la mtama. Ni mapenzi gani makali kuliko hayo? Historia ilimpa kizuizi kikubwa kuliko chochote ambacho angekibuni, naye alikuwa ameiruka.

Kama hujasoma kitabu cha mzee wetu wa hapa Ukerewe, Aniceti Kitereza, nakusihi ukitafute. Alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, akakifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kikachapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, yeye akafariki mwaka uliofuata. Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, ambao kitabu kimepewa majina yao, wanapendana, lakini hawana mtoto. Ndugu wa mume wanamshinikiza aoe mke mwingine, na wazazi wa Bugonoka wanamchukua binti yao. Myombekere anakwenda kwa wakwe kumwomba mkewe arudi, na anatozwa pombe ya ndizi. Hatoi hotuba ya mapenzi. Anahangaika na ndizi. Msomaji anaona kazi yote ya kutengeneza pombe ile, na anajua bila kuambiwa kwamba mwanamume huyu hawezi kuishi bila mke wake. Wapo watakaosema kwamba hiyo si riwaya ya mapenzi kwa sababu imejaa desturi. Mimi nasema desturi hizo ndizo zinazopima uzito wa mapenzi yao.

Dada wa Bukoba amejibu:

Shikamoo Mwalimu. Nakubaliana nawe kuhusu zizi, ila naomba nisimame upande wa raha, maana mara nyingi wanaozidharau riwaya hizi hawajazisoma. Mwisho mwema si udhaifu. Ninapoanza kitabu nikijua kwamba wawili hawa watafika salama, napata utulivu wa kutazama wanavyofika, na kwa mtu aliyeshinda siku nzima wodini akihudumia wagonjwa, kama mimi, utulivu huo ni mali.

Isitoshe, baadhi ya waandishi wa Kiingereza wanaijua sheria ya wakati wao vizuri. Kuanzia sheria ya mwaka 1753, kijana wa Uingereza aliye chini ya miaka 21 alihitaji ridhaa ya wazazi ili ndoa ya kibali, yaani ile isiyotangazwa kwanza kanisani, iwe halali, wakati huko Scotland sheria hiyo haikutumika; ndiyo maana wapenzi wa riwaya hizo hutoroka usiku kwa gari la farasi kuelekea kaskazini. Mwandishi anayelijua hilo hukufanya uhesabu kila kituo cha kubadilisha farasi.

Kinachonikera ni kingine. Malodi wa riwaya hizo ni matajiri kupindukia, lakini hakuna anayeuliza utajiri umetoka wapi. Familia nyingi za tabaka hilo zilikuwa na mashamba ya miwa katika visiwa vya Karibi, na sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni ya Uingereza haikupitishwa hadi mwaka 1833. Sukari ya kwenye chai ya bibi harusi ilitoka huko. Mimi ni Mwafrika ninayesoma. Siwezi kuishi ndani ya jumba lile kwa kurasa mia nne nikiombwa nisitazame dirishani. Tena zipo zile za miaka ya 1970, ambamo mwanamume anamlazimisha mwanamke kisha mwandishi anakiita kitendo hicho mapenzi. Hizo sizisomi tena, hata historia yake iwe sahihi kiasi gani.

Mwandishi Chipukizi, Sengerema amejibu:

Ninaandika riwaya kuhusu mpagazi aliyechukuliwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na mchumba aliyebaki Mwanza, mji ambao Waingereza waliuteka Julai 1916, kwa hiyo mjadala huu unanigusa moja kwa moja. Tatizo langu kubwa ni mazungumzo. Nikiwapa wahusika wangu Kiswahili cha tamthilia za runinga, "nakupenda mpenzi wangu" kila ukurasa wa tatu, nasikia uongo. Bibi yangu, ambaye aliishi na babu zaidi ya miaka hamsini, sikuwahi kumsikia akimwambia neno hilo. Alikuwa akimwekea maji ya kuoga yaliyochanganywa vizuri, anatia mkono kwanza kuonja joto lake, halafu anamwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza. Najaribu kuandika mapenzi kwa namna hiyo, na naogopa wasomaji watasema hayapo.

Msomaji wa Kirumba amejibu:

Asanteni sana. Jana usiku nilikifungua tena kile kitabu na kukimaliza. Nimegundua kwamba sangara hakuwa shida yangu. Binti yule anamkataa mume aliyechaguliwa na baba yake, anaondoka na mchumba wake kwa mtumbwi, na mama yake hatajwi tena hata kwa mstari mmoja; hakuna aliyerudisha mahari, hakuna aliyelia, hakuna aliyeulizwa kisimani binti yako yuko wapi. Mwandishi aliwapa mapenzi ya bure. Ndugu wa Sengerema, mimi maji yale ya bibi yako nimeyaona, basi usiyafute. Na Mwalimu, kitabu cha mzee Kitereza nimekipata kwa jirani, lakini ni juzuu ya kwanza peke yake. Jumamosi nakuja Nansio kwa meli ya asubuhi kumzuru shangazi. Kama unayo ya pili, naomba uniazime, nami nitairudisha kwa mkono wangu mwenyewe.