Glukosi moja inatoa ATP ngapi hasa: 38, 32 au 30?

mpenda_seli
Wakuu, naombeni msaada kwenye upumuaji wa seli. Kitabu kimoja kinasema molekuli moja ya glukosi inatoa ATP (molekuli inayobeba nishati ndani ya seli) 38, kingine kinasema 30 au 32. Nikaamua kuhesabu mwenyewe, nimepata 34, ambayo haipo popote! Hesabu yangu hii hapa (NADH na FADH2 ni wabebaji wa elektroni, ambazo baadaye zinalipa ATP):

Glaikolisisi (glukosi kuvunjwa kuwa piruveti): ATP 4, NADH 2
Piruveti kuwa asetili-CoA: NADH 2
Mzunguko wa Krebs: ATP 2, NADH 6, FADH2 2

Kila NADH nimeipa ATP 2.5, kila FADH2 1.5. Kwa hiyo 6 + 25 + 3 = 34. Nimekosea wapi?

kimengenya
Mkuu, tatizo ni mstari wa kwanza tu. Glaikolisisi inazalisha ATP 4, lakini inaanza kwa kukopa 2. Moja inatumiwa na kimeng'enya heksokinesi kubandika fosfati kwenye glukosi, nyingine na kimeng'enya fosfofruktokinesi kubandika fosfati ya pili kwenye fruktosi-6-fosfati. Toa hizo 2, unabaki na 32.

Sasa 30 inatoka wapi? NADH 2 za glaikolisisi zinazaliwa kwenye sitoplazimu, na utando wa ndani wa mitokondria hauzipitishi. Kinachovuka ni elektroni zake, tena kwa kubebwa. Zikibebwa kwa njia ya maleti na aspateti, kama kwenye ini na moyo, huko ndani zinapokelewa na NAD+ (NADH isiyobeba elektroni) na kila jozi inalipa 2.5. Zikipita njia ya gliseroli-fosfati zinaishia kwenye FAD (FADH2 isiyobeba elektroni), ngazi ya chini zaidi, na kila jozi inalipa 1.5. Upungufu ni ATP 1 kwa kila NADH, na NADH ziko 2. Ndiyo maana vitabu vinaandika zote mbili.

38 ni hesabu ya zamani: NADH kwa 3, FADH2 kwa 2. Yaani 30 + 4, jumlisha 4 za moja kwa moja. Namba kamili zinapendeza, ila vipimo vya baadaye havikuziunga mkono.

utando_wa_ndani
Naongezea kwenye hiyo 2.5, maana wengi wanaikariri tu. Hakuna nusu ya ATP inayotengenezwa, ni wastani. Elektroni 2 za NADH zikishuka hadi kwenye oksijeni, protoni 10 zinasukumwa kutoka kwenye matriksi (sehemu ya ndani kabisa ya mitokondria) na kompleksi, yaani mafungu ya protini yaliyo kwenye utando wa ndani: 4 na kompleksi ya kwanza, 4 na ya tatu, 2 na ya nne. Elektroni za FADH2 haziigusi ile ya kwanza, kwa hiyo zinasukuma 6. Protoni zinarudi ndani kupitia ATP sinthesi, kimeng'enya ambacho sehemu yake inazunguka kweli, si kwa mfano. ATP moja inagharimu protoni 4 hivi: takriban 3 za kuzungusha na 1 ya kuingiza fosfati. Gawanya 10 kwa 4, halafu 6 kwa 4.

Wazo hili la protoni kuendesha utengenezaji wa ATP, mwanabiokemia Peter Mitchell alilitoa 1961, likabishiwa kwa miaka mingi, akapata Nobel 1978.

Na hata hiyo 30 ichukulie kama dari, kwa sababu utando unavuja. Sumu iitwayo dinitrofenoli inauvujisha kupita kiasi: oksijeni inaliwa kwa kasi, ATP haitoki, nishati yote inageuka joto, na mtu anaweza kufa. Sianidi ni kinyume chake. Inaziba kompleksi ya nne, damu ina oksijeni tele lakini elektroni hazina pa kwenda.

mpenda_seli
Asanteni sana, nimeelewa. La mwisho: kwa nini msuli ukipungukiwa oksijeni utengeneze asidi laktiki wakati hatua hiyo haitoi ATP hata moja? Na je, ATP ndiyo ghala la nishati?

kimengenya
Hatua hiyo ni ya kurudisha NAD+. Ikiisha, glaikolisisi inakwama hatua ya 6, na zile ATP 2 nazo unazikosa. Hamira nayo inatatua shida hiyohiyo kwa kutengeneza ethanoli.

hesabu_kwanza
ATP si ghala, ni chenji ya mfukoni. Iliyomo kwenye msuli inatosha sekunde chache tu za kukimbia kwa nguvu zote, kisha kreatini-fosfati, akiba ya haraka ya kutengeneza ATP upya, inasogeza sekunde nyingine chache. Ghala ni glikojeni (wanga unaohifadhiwa mwilini) na mafuta. Gramu ya mafuta ina kilojuli 37 hivi, ya wanga 17, na glikojeni inahifadhiwa pamoja na maji, hivyo uzito unazidi.

Halafu mkuu, usiandike kwenye mtihani kwamba nishati inatoka kwa "kuvunja bondi". Kuvunja bondi kunakula nishati. Faida inapatikana kwa sababu ADP (ATP iliyopoteza fosfati moja) na fosfati zikiachana ndani ya maji zinakuwa tulivu kuliko ATP ilivyokuwa.

Jambo moja litakufurahisha. Glukosi ikikatwa kutoka kwenye glikojeni inatoka tayari na fosfati ya bure, ATP ya heksokinesi haihitajiki. Hapo glaikolisisi inabakiza 3, na jumla inakuwa 33 au 31. Ile 34 yako haikuwa mbali sana.