Safari ya Kyoto: Gumzo la Watoto wa Bibi

Jumanne

Rukia, 18:42
Assalamu alaikum ndugu zangu. Naomba kila mmoja ausome ujumbe huu hadi mwisho, maana jana niliandika mambo matatu ya maana nikajibiwa kwa picha za kulungu wa Nara. Kesho tutakwenda kula mochi za kuchoma, yaani vitafunwa vya mchele unaonata uliopondwa, kwenye duka lililo langoni mwa hekalu la Imamiya, kaskazini mwa Kyoto, ambalo wenyewe husema limekuwapo tangu mwaka 1000 na hadi leo limo mikononi mwa ukoo uleule. Tutatoka hotelini saa tatu kamili asubuhi. Mama atapanda teksi pamoja nami na Halima, na wengine watafuata kwa basi. Nahitaji majina kabla ya saa mbili usiku.

Rukia, 18:58
Naona watu wanane wameshausoma na hakuna hata mmoja aliyejibu.

Seif, 19:03
Dada, hiyo saa tatu ni ya nani? Nauliza kwa sababu nimegundua jambo. Saa ya ukutani hapa hotelini ikionyesha tisa asubuhi, Mjapani huiita tisa, na wakati huohuo Omari aliyeko Tanga anahesabu saa tisa za usiku. Kwa hiyo Tanga na Kyoto hutaja namba moja saa zote, na ni sisi tuliosafiri tu tunaopishana na pande zote mbili.

Jamila, 19:05
Ami, nimehesabu kwa vidole na ni kweli kabisa! Hapa Tanga sasa ni saa saba na dakika tano za mchana, na kwenu huko bila shaka saa inasoma saba na dakika tano.

Rukia, 19:07
Naomba tusihamie kwenye saa. Tutatoka saa tatu asubuhi, jua likiwa limetoka, tuliopo Kyoto.

Zuhura, 19:11
Shikamooni nyote. Shangazi, kabla majina hayajakusanywa ningeomba tuitazame tena siku yenyewe, kwa kuwa pale Imamiya kuna maduka mawili yanayotazamana, na yote mawili yana siku yao ya mapumziko katika juma.

Seif, 19:12
Maduka mawili yanayotazamana na yanauza kitu kimoja? Basi wenyewe wanasalimiana au ndiyo yale ya Barabara ya Kumi na Mbili?

Jamila, 19:13
Ami Seif, tafadhali, nacheka niko kazini.

Rukia, 19:20
Kwa faida ya wasiojua tunachokwenda kula: ni vipande vya mochi vilivyo sawa na kidole gumba, ambavyo huviringishwa katika unga wa soya iliyokaangwa, hutungwa kwenye vijiti vya mianzi, huchomwa juu ya makaa mbele yako, kisha humwagiwa mchuzi mtamu wa miso nyeupe, yaani rojo ya soya iliyochachushwa. Wenyeji huvila wakiomba kuepushwa na maradhi, kwa sababu hekalu lile lilianza kwa dua za kuondoa tauni.

Seif, 19:22
Kwa ufupi, ni mishikaki ya unga.

Omari, 19:40
Waalaikumu ssalamu. Mimi niko mbali, lakini nina swali moja. Huo mchuzi wa miso hauna kileo ndani yake? Nimesoma kwamba Wajapani hutia mvinyo wa mchele katika vyakula vingi, na sitaki Mama ale kitu halafu tuje kuambiana baadaye.

Zuhura, 19:46
Baba, swali lako lina msingi. Vitamu vya asili vya hapa kwa sehemu kubwa ni maharage ya azuki, sukari na unga wa mchele, bila siagi wala maziwa, na vile vinavyogandishwa hugandishwa kwa kanteni, ambayo hutokana na mwani na si mifupa ya mnyama. Hata hivyo, miso na sosi ya soya mara nyingine huongezwa alkoholi ili zisiharibike, kwa hiyo penye mchuzi ni lazima kuuliza kwanza. Nitauliza mimi.

Saida, 20:04
Nimesoma yote. Nimeona teksi imeshapangwa, basi limeshapangwa, na saa imeshapangwa, ilhali kila mtu humu anajua kwamba niko Osaka hadi kesho adhuhuri. Sikuulizwa.

Rukia, 20:06
Mdogo wangu, hakuna aliyekusahau. Nimeshapanga tukufungashie sehemu yako, na jioni utaikuta hotelini.

Saida, 20:09
Dada, hata Muscat nilifungashiwa.

Seif, 20:10
Ujumbe huu umefutwa.

Saida, 20:11
Nimeuona, Seif.

Seif, 20:13
Mimi nilishasema tangu siku ile kwamba ndani ya gari tulikuwa watu wanne, na halua ile ilikuwa kwenye bakuli lisilo na mfuniko. Sitaongeza neno.

Rukia, 20:15
Ya Muscat yalishazungumzwa mbele ya Ami mkubwa na yakaisha. Nawaombeni majina.

Saida, 20:16
Yalizungumzwa. Nani alisema yaliisha?

Zuhura, 20:24
Shangazi zangu, samahanini sana kwa kuingilia. Pengine sikueleza vizuri mara ya kwanza. Maduka yote mawili ya Imamiya hufungwa siku ya Jumatano, na kesho ni Jumatano.

Seif, 20:25
Duka limefunguliwa miaka elfu moja, na siku tunayotaka kwenda sisi limefungwa.

Rukia, 20:31
Zuhura, mwanangu, jambo kama hili huandikwa mwanzoni, tena kwa maneno machache. Haya, tupe shauri lako, maana wewe ndiwe unayeishi hapa.

Zuhura, 20:44
Nashauri twende Kagizen Yoshifusa, ambayo iko mtaa wa Shijo pale Gion, si mbali na hekalu la Yasaka. Duka hilo lina takriban miaka 300 na hufungwa Jumatatu, kwa hiyo kesho litakuwa wazi. Mbele wanauza vitamu vya kununua, na nyuma kuna ukumbi wa kukaa unaofunguliwa saa nne asubuhi. Watu wengi huenda pale kwa ajili ya kuzukiri, ambazo ni tambi za wanga wa mzizi uitwao kuzu, unaotoka Yoshino katika mkoa wa Nara.

Sababu yangu kubwa ni Bibi. Mochi hunata, na kila mwaka mpya hapa Japani husikika habari za wazee waliokabwa nayo kooni, hasa wenye meno ya kubandika. Kuzukiri hazinati bali huteleza. Huletwa katika chombo kilichopakwa laki, yaani vanishi ya kung'aa, chenye ghorofa mbili, juu mkiwa na tambi zinazong'aa ndani ya maji ya barafu, na chini shira ya sukari guru nyeusi ambayo kila mlaji huchovya mwenyewe. Bibi atachukua utamu kwa kiasi anachotaka, na asiyetaka shira nyingi hatalazimishwa na mpishi. Tena hapo hamna miso, Baba, ni mzizi, maji na sukari tu.

Rukia, 20:50
Nimelipenda wazo, ila suala la shira lisijadiliwe. Daktari wa Mama alisema wazi kuhusu sukari yake. Mama atakunywa chai ya kijani, sisi tutakula, naye atafurahi kutuona tukila.

Seif, 20:52
Dada, umewahi kumwona Mama akifurahi kwa kutazama wengine wakila?

Jamila, 20:53
Na mimi niliyebaki nyumbani, nitafurahi kwa kutazama picha?

Rukia, 20:57
Jamila, zawadi zako zimo katika hesabu. Vile vitamu laini vyenye umbo la maua hutengenezwa vya kuliwa siku ileile, kwa hiyo usivitarajie Tanga. Nitakununulia yokani, yaani azuki iliyopikwa na sukari na kanteni hadi ikawa kipande kigumu, ambayo ikiwa haijafunguliwa hukaa miezi mingi bila kuharibika. Tutainunua katika duka la Toraya tukifika Tokyo. Hao walikuwa wakipeleka vitamu katika kasri la mfalme hapa Kyoto tangu karne ya 16, na mfalme alipohamia Tokyo wakamfuata mwaka 1869.

Zuhura, 21:02
Kagizen pia wana vitamu vikavu viitwavyo Kikujuto, ambavyo ni sukari laini ya wasanboni kutoka kisiwa cha Shikoku iliyoshindiliwa katika kalibu ya ua. Havina uzito na vinaweza kusafiri. Kuhusu shangazi Saida, naomba niseme jambo moja. Kuzukiri hukatwa mtu akishaagiza, na zikikaa kidogo tu hupauka na kuwa ngumu. Hazifungashiki.

Saida, 21:03
Basi safari hii hata cha kuletewa hakuna.

Rukia, 21:08
Saida, nilichokifanya Muscat nilikifanya kwa sababu lango la soko lilikuwa linafungwa na simu yako haikuwa ikipatikana, na Seif alikuwa shahidi. Hatuwezi kumkalisha Mama njiani katika kila mji kwa sababu ya mtu mmoja aliyechagua kulala kwingine.

Bibi (anaandika Halima), 21:26
Assalamu alaikum wanangu. Halima amenisomea yote tangu mwanzo, na huo uliofutwa na Seif aliuwahi. Rukia, mwanangu, nakushukuru kwa kunihangaikia, kwani bila wewe nisingefika huku. Sukari yangu naijua, nimeishi nayo kabla hamjaanza kuitaja. Nitachovya mara mbili, nitaweka chini, na hakuna atakayenishika mkono. Lakini sitaingia katika duka hilo Saida akiwa hayupo. Ya Muscat niliyanyamazia kwa sababu tulikuwa ugenini kwa watu. Hapa tuko wenyewe. Nalala sasa.

Rukia, 21:49
Tumekusikia, Mama. Lala salama.

Seif, 21:50
Lala salama, Mama.

Rukia, 22:04
Ndugu zangu, nimepanga upya. Saida atatoka Osaka baada ya adhuhuri na kupanda treni ya Keihan, ambayo inamfikisha moja kwa moja hadi kituo cha Gion-Shijo, na kutoka hapo ni mwendo mfupi wa miguu. Tukutane mlangoni saa nane mchana. Tatizo ni kwamba wakati huo ndio Mama hupumzika baada ya swala, na pale watu hupanga mstari. Kuahirisha hadi Alhamisi ni vigumu kwa sababu treni yetu ya Tokyo inaondoka saa saba na nusu mchana. Saida, naomba jibu lako usiku huu.

Rukia, 22:41
Saida?

Seif, 22:43
Ana haki ya kutojibu hadi saa ya Tanga ilingane na ya Kyoto.

Rukia, 22:44
Seif, si sasa.

Jumatano

Omari, 05:18
Nimechelewa, nilikuwa msikitini kisha nikakaa na wageni. Nimeongea na daktari wa Mama kwa simu. Anasema kidogo hakidhuru iwapo chakula cha mchana hakitakuwa cha wali mwingi, na apimwe kabla na baada. Mchango wangu nimeutuma kwa Rukia kwa ajili ya Imamiya.

Rukia, 07:10
Nimeupokea, ahsante. Si Imamiya tena, Omari, soma juu. Kipimo kimo katika mkoba wangu.

Saida, 08:36
Habari za asubuhi. Mwambieni Mama nimemsikia, na nimesoma ujumbe wake zaidi ya mara moja. Mwenyeji wangu ameandaa chakula cha mchana na siwezi kuinuka mezani kabla yake, kwa hiyo saa nane sina hakika nayo. Nitaandika nikiwa ndani ya treni.

Rukia, 08:39
Ninachohitaji ni saa, mdogo wangu.

Saida, 08:52
Nitaandika nikiwa ndani ya treni, dada.

Zuhura, 09:05
Mimi nina kipindi chuoni hadi saa sita na nusu. Nikitoka nitakwenda moja kwa moja Gion na kusimama katika mstari, ili Bibi asisimame. Naomba tu kujua tutakuwa watu sita au saba, kwa sababu wataniuliza.

Rukia, 09:07
Waambie saba.

Seif, 09:15
Na ile teksi ya saa tatu, nani aliifuta? Kuna dereva hapa mapokezi amevaa glavu nyeupe na anaulizia jina letu.