Naomba ushauri: Science Museum, London, siku ya mvua na watoto wa miaka 3 na 5

Wakuu, mpango ni kushuka kituo cha treni cha South Kensington na kupita njia ya chini ya ardhi inayotokea Exhibition Road, ili tusiloane sana. Kuingia ni bure. Wonderlab (ukumbi wa majaribio ya sayansi humo ndani) ina kiingilio chake, na kwa umri huu naona ni mapema. Sehemu yao ni The Garden, kule chini, penye michezo ya maji. Mikono ya sweta hulowa hadi kwenye kiwiko, kwa hiyo nguo za kubadili ni lazima (soksi pia!). Shida ni kwamba mvua ikinyesha, kila mzazi huwaza hivyo hivyo. Tuanzie hapo milango ikifunguliwa saa 4 asubuhi, au alasiri, misafara ya shule ikishaondoka? Na kigari cha mtoto: ngazi za kituoni tutaziweza, au bora basi?