Prosesa nimeipandisha hadi GHz 4.8, nitajuaje kama imetulia kweli?

Kamera ya Nyegezi

Wakuu heshima kwenu. Nahariri video za harusi na sendofu hapa Nyegezi, Mwanza. Mashine yangu ni Core i5-8600K yenye kore sita, madabodi ya Z370, ramu GB 16 za DDR4 zinazokimbia 3200 kwa XMP (mpangilio unaoipandisha ramu kasi), na kipozeo cha feni, si cha maji. Kiwandani prosesa hii inaanzia GHz 3.6 na turbo inaishia 4.3. Mimi nimeiovakloki, yaani nimeipandisha kasi kupita ya kiwandani, kore zote hadi 4.8 kwa volti 1.30.

Cinebench, programu ya kupima kasi, inamaliza dakika zake kumi bila shida. Prime95, ya kuibebesha prosesa mzigo mzito, niliiacha usiku zaidi ya saa moja, ikapita, joto likaishia nyuzi 84. Lakini nikirenda (kutoa video iliyokamilika) kazi ndefu mchana, programu ya kuhariri inajifunga yenyewe katikati. Hakuna skrini ya bluu, kompyuta haizimi. Nikirudia jioni, inamaliza. Wateja wana haki ya kupata video zao siku niliyowaahidi, kwa hiyo nataka mashine ya kuitegemea. Mnapimaje mpaka mnasema prosesa imetulia? Na je, tatizo linaweza kuwa si prosesa?

Fundi wa Kirumba

Karibu mkuu. Kwanza iondoe ramu kwenye mashaka. Intel imeiandikia 8600K ramu ya kasi 2666, kwa hiyo hiyo 3200 yako nayo ni ovakloki. Zima XMP kwenye BIOS (mipangilio ya madabodi), kisha pima prosesa peke yake. Ukipandisha vitu viwili kwa pamoja hutajua kilichoanguka ni kipi. Baadaye irudishe XMP, uipime ramu kwa MemTest86 kutoka kwenye flashi. Toleo la bure lina mizunguko minne, na kosa hata moja tu maana yake ramu imefeli.

Halafu tuambie volti inasomeka ngapi mzigo ukishakolea, siyo ile uliyoandika BIOS. Na AVX offset (kiasi cha kasi kinachopunguzwa prosesa ikipiga hesabu nzito za AVX) umeweka ngapi? HWiNFO itakuonyesha joto na volti.

Kamera ya Nyegezi

Mkuu nimeangalia. Mzigo ukikolea inashuka hadi 1.25. LLC (mpangilio wa kuzuia volti isishuke mzigo ukipanda) iko kwenye auto, AVX offset ni 0.

Sato wa Ukerewe

Hiyo 1.25 ndiyo volti ambayo kore zako zinafanyia kazi ngumu, siyo 1.30. Kushuka huko ni kwa kawaida, madabodi nyingi hushusha volti mkondo ukipanda. Usikimbilie kuweka LLC daraja la juu kabisa ili kuuzuia mshuko, maana mzigo unapokatika ghafla volti inaruka juu kuliko unavyoiona kwenye programu. Daraja la kati linatosha.

Sasa kuhusu kupima. Watu wengi wanadhani prosesa isiyotulia lazima izime kompyuta. Hapana. Mara nyingi inakosea hesabu na kuendelea na safari. Prime95 ilitengenezwa kutafuta namba tasa za Mersenne katika mradi wa GIMPS, ulioanza 1996, na uzuri wake ni kwamba ile torture test inapiga hesabu ambazo majibu yake yanajulikana. Ikikosea inajua imekosea: itakuandikia kwamba kosa la kukadiria limefika 0.5 wakati halikutakiwa kuzidi 0.4, na ile kore itasimama huku nyingine zinaendelea. Kwa hiyo usichungulie tu kama kompyuta bado inawaka. Fungua dirisha, soma mstari wa kila kore. Video yako haina pa kulinganishia jibu. Kore ikikosea hapo, programu inajifunga kama ulivyoona, au, kibaya zaidi, inamaliza na fremu imeharibika katikati ya kiapo cha bwana harusi.

mlinzi_wa_data

Mimi na Prime95 hatuelewani. Mzigo wa AVX ule hauupati popote kwenye maisha ya kawaida. Unapasha prosesa bure. Pima kwa kazi yako halisi, ikipita umemaliza.

Sato wa Ukerewe

Kwa anayecheza gemu nakubali nusu. Kwa mhariri wa video sikubali hata kidogo. x264 na x265, ambazo watu wengi wanasimbia video, zinatumia AVX2. Mzigo unaousema hauko kwenye maisha ya kawaida ndio kazi yake ya kila siku. Asipoupima, mteja ndiye atakayempimia.

Dada Igoma

Wote mmegusa, ila hakuna aliyeuliza neno "mchana". Kaka, umesema inafeli mchana na inapita usiku. Chumba kiko chini ya bati? Kupima ovakloki usiku wa manane ni kama kujaribu mtumbwi siku ziwa limelala. Chumba kikipanda nyuzi kumi, prosesa nayo inapanda karibu hizo hizo, na 84 yako inakuwa 94. 8600K inaanza kujipunguzia kasi ikifika 100, lakini kore iliyo ukingoni inakosea hesabu kabla ya hapo, kwa sababu silikoni ikipata joto inahitaji volti zaidi kwa kasi ile ile.

Pima saa nane mchana, kasha limefungwa, mahali pale pale unapofanyia kazi. Na safisha kichujio cha feni. Sisi wa kando ya ziwa, wale wadudu wanaokuja na taa usiku wanaziba wavu upesi kuliko vumbi.

Kijana wa Buzuruga

Samahani kudandia uzi. Mimi nina prosesa ya AMD, Ryzen 5 5600X, na nimeshusha volti kwa mpangilio wa Curve Optimizer. Prime95 ya kore zote inapita, lakini kompyuta inajiwasha upya nikiwa nasoma tu mtandaoni.

Fundi wa Kirumba

Mdogo wangu, kwa Ryzen mzigo wa kore zote hautoshi. Kore moja ikiwa peke yake ndiyo inapanda kasi ya juu kabisa, na hapo ndipo volti uliyopunguza inapokosekana. Tumia CoreCycler, inabeba kore moja moja kwa zamu na kukutajia iliyofeli. Hiyo irudishie volti hatua chache, nyingine ziache. Angalia pia Event Viewer, daftari la matukio la Windows: kosa la WHEA-Logger mara nyingi ni dalili ya prosesa au ramu. Kernel-Power 41 peke yake inakuambia tu kwamba kompyuta ilizima bila kufungwa vizuri, na hata umeme ukikatika utaiona.

Kamera ya Nyegezi

Wakuu nimerudi. XMP imezimwa, kichujio kimesafishwa, nikaendesha Prime95 ya Small FFTs (jaribio linaloibana prosesa yenyewe) mchana jua likiwa kali. Joto lilifika 93, na kore ya nne ikasimama na kosa lile lile la kukadiria. Kompyuta iliendelea kuwaka kama hakuna kilichotokea. Nipandishe volti?

Sato wa Ukerewe

Usipandishe. Uko 93 na bado chumba kitapata siku ya joto kuliko hiyo. Shuka. Umeme unaoliwa na prosesa inapofanya kazi unafuata kasi ukizidisha na volti, kisha ukizidisha na volti tena. Ukitoka 4.8 kwa 1.30 kwenda 4.6 kwa 1.22, kasi inapungua asilimia 4 tu, lakini umeme huo unapungua karibu asilimia 16. Joto litaanguka, na kore yako ya nne itapata nafasi. Kama 1.22 haitoshi, ongeza 0.01 kwa wakati mmoja, kila hatua dakika ishirini. Ikipita, acha Small FFTs mchana mzima, kisha Large FFTs, maana hizo zinaibana ramu na kidhibiti chake.

mlinzi_wa_data

Wakati wote wa kupima, chomoa diski yenye picha halisi za wateja. Ukimaliza, endesha sfc /scannow, amri inayokagua faili za Windows, maana Windows yenyewe inaweza kuwa imeandikwa vibaya kipindi kile. Halafu chukua folda kubwa ya video, ibane kwa 7-Zip, kisha bonyeza Test kwenye faili hilo. Inahakiki kila kipande, na hii ni kazi halisi kama nilivyosema mwanzo.

Kamera ya Nyegezi

4.6 kwa 1.23 imepita mchana wote, joto 81. XMP nimeirudisha, MemTest86 haina kosa. Render ndefu ya sendofu imemaliza saa tisa alasiri. Asanteni sana wakuu, na dada yangu wa Igoma.

Dada Igoma

Hongera kaka. Hifadhi hiyo kama profaili kwenye BIOS, na upige picha kila ukurasa kwa simu. Siku ukisasisha BIOS, profaili nyingi hufutika.