Uzamili wa tathmini kwa kazi za haki: ufuatiliaji na tathmini, kriminolojia, au takwimu za afya?

Lanet_Probesheni
Wadau, salamu. Natafuta uzamili utakaonifundisha kutathmini programu za haki kwa mbinu ambazo hakimu hatazicheka na mfadhili hatazitilia shaka. Niko Nakuru kikazi, kwa hiyo masomo yawe ya jioni, ya wikendi au ya mtandaoni. Swali la tasnifu: je, anayepewa amri ya huduma kwa jamii (kufanya kazi za umma bila malipo badala ya kufungwa) hurudia makosa mara chache kuliko anayefungwa miezi michache? Nimebaki na njia tatu:

A. Ufuatiliaji na tathmini, au upangaji wa miradi wenye mkondo huo.
B. Kriminolojia.
C. Takwimu za afya au uchumi, kisha niutumie kwenye haki.

Ada nazijua. Nilinganishieni kinachofundishwa na kinachokosekana.

Takwimu_Kisumu
Ndugu Lanet, jina la shahada liache kwanza. Omba orodha ya kozi na karatasi za mtihani za miaka miwili iliyopita, uzisome.

Karatasi ikijaa maswali ya fremu ya mantiki (jedwali la malengo, shughuli na matokeo ya mradi) na viashiria, hiyo ni A ya kawaida. Utatoka ukijua kuandika nadharia ya mabadiliko (maelezo ya jinsi mradi unavyotarajiwa kuleta matokeo), mpango wa ufuatiliaji, na ripoti inayofuata vigezo vya tathmini vya OECD, shirika la nchi tajiri (vilikuwa vitano tangu 1991, cha sita kikaongezwa 2019). Ni kazi halali na ina ajira. Ila swali lako ni la kisababishi, yaani kama adhabu yenyewe ndiyo iliyoleta tofauti, na A mara nyingi hulipitia juu juu mwisho wa muhula, walimu wakiwa tayari wanatunga mtihani.

C itakupa regreshoni (hesabu ya jinsi jambo moja linavyoendana na mengine), data zinazokosekana, ukubwa wa sampuli, na zaidi ya yote uchanganuzi wa muda hadi tukio. Wenzetu wa afya huhesabu siku hadi mgonjwa augue tena. Wewe utahesabu siku hadi mtu ashtakiwe tena. Hesabu ni ile ile.

Ubaya wa C ni kwamba hakuna atakayekuambia saa inaanza kuhesabiwa lini. Chukua watu wawili waliohukumiwa siku moja, mmoja amri ya huduma, mwingine kifungo cha miezi 6. Wa pili akipata msamaha wa theluthi moja ambao Sheria ya Magereza inaruhusu kwa kifungo kinachozidi mwezi mmoja, anatoka baada ya miezi 4. Ukiwafuatilia wote miezi 12 tangu hukumu, wa kwanza amekuwa mtaani miezi 12, wa pili 8. Gereza litaonekana limefanya kazi nzuri kumbe mtu hakuwa na nafasi ya kuiba. Kwa hiyo anza kuhesabu siku aliyokuwa huru: tarehe ya amri kwa mmoja, tarehe ya kutoka kwa mwingine, na siku zozote alizorudi mahabusu katikati uzitoe. Kisha toa jedwali la pili linaloanza siku ya hukumu. La kwanza linajibu kama adhabu imebadili mtu, la pili linajibu kama wananchi walikuwa salama zaidi katika kipindi hicho. Ni maswali mawili, na wasimamizi wengi wa tasnifu huyachanganya.

Chunga pia muda wa rumande. Kifungu cha 333(2) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinataka hakimu auzingatie. Kwenye baadhi ya faili utakuta umetolewa, kwenye nyingine hautajwi kabisa. Tarehe ya kutoka isomwe kwenye rejista ya gereza, usiikisie kutoka kwenye hukumu.

Wakili_Kakamega
Bw. Takwimu amesema vyema, ila pagumu zaidi ni kabla ya hapo. Sheria ya Amri za Huduma kwa Jamii ya 1998 inahusu makosa ambayo kifungo chake hakizidi miaka 3, au yanayozidi lakini mahakama ikaona miaka 3 au chini yake inatosha. Kabla ya amri, hakimu huletewa ripoti ya afisa: mtu ana makao? familia? kazi? rekodi ya nyuma? jamii inasemaje? Tazama orodha hiyo vizuri. Ni mambo yale yale yanayotabiri kama mtu atarudia kosa. Waliopendekezwa wangefanya vizuri hata wangefungwa, kwa hiyo ukilinganisha makundi haya mawili moja kwa moja utakuwa umepima jicho la afisa wa probesheni tu.

Kuna njia mbili za kutokea. Ya kwanza ni kusoma ripoti zenyewe, kila kipengele ukakitia msimbo, kisha ukalinganisha watu wenye ripoti zinazofanana. Inasaidia, lakini kile hakimu alichokiona kizimbani hakimo kwenye karatasi.

Ya pili ni kutumia tofauti za mahakimu. Katika kituo chenye mahakimu kadhaa wa mamlaka sawa, faili zikigawanywa bila kuangalia mshtakiwa, anayeangukia kwa hakimu mpole ana uwezekano mkubwa wa kupata amri kuliko pacha wake aliyeangukia kwa mkali. Bahati hiyo ndiyo jaribio lako. Ithibitishe: chora jedwali la umri, aina ya kosa na rekodi ya awali kwa kila hakimu. Kama hakimu mmoja ana vijana wengi au kesi nyingi za pombe haramu, mgao si wa bahati nasibu. Na kumbuka hakimu mpole huwa mpole kwa mengi, dhamana na faini pia. Akimtoza mtu faini ndogo badala ya kumfunga, hiyo ni njia nyingine isiyopitia huduma kwa jamii, na makadirio yako yanapinda.

Nakuru au Kisumu mbinu hii inawezekana. Hamisi au Tamu, mahakimu ni wachache mno.

Hesabu_Bungoma
Kabla hamjamjaza Lanet mbinu, apige hesabu ya sampuli. Tuseme kwa mfano tu kwamba 30% ya waliofungwa hurudia kosa, na unataka kugundua kushuka hadi 20%, kwa uwezo wa 80% (nafasi ya kuiona tofauti ikiwa ipo) na kiwango cha 5% (nafasi ya kuiona ikiwa haipo). Unahitaji watu 293 kila kundi. Ukitarajia kupoteza rekodi za mmoja kati ya watano, anza na 367. Ukiwa mkweli zaidi na kusema adhabu itashusha hadi 25% tu, idadi inapanda hadi karibu 1,250 kila kundi. Hapo ndipo tasnifu nyingi hufia: mwanafunzi anakusanya watu 60, anakuta "hakuna tofauti", anaandika kwamba programu haifanyi kazi. Watu 60 hawawezi kusema hivyo wala kinyume chake.

Na ile mbinu ya tofauti za mahakimu hula sampuli zaidi ya hapo, kwa sababu unatumia sehemu ndogo tu ya tofauti iliyopo. Kiungo kati ya hakimu na adhabu kikiwa dhaifu (wengi hudai takwimu F, kipimo cha nguvu ya kiungo hicho, izidi 10), acha.

Ukifikiria kugawa vituo vya mahakama kwa bahati nasibu badala ya watu, zidisha tena. Kila kituo kikiwa na watu 40 na ufanano ndani ya kituo (kadiri watu wa kituo kimoja wanavyofanana) ukiwa 0.05, kizidishi ni 1 + 39 × 0.05 = 2.95. Wale 293 wanakuwa 865, yaani vituo 22 kila upande, 44 jumla. Ndiyo maana lile jaribio la kuwapa mahakama za Kenya ukurasa mmoja wa sababu za kuahirishwa kwa kesi lilitumia vituo vya nchi nzima. Mwanafunzi mmoja wa uzamili hana nguvu hiyo.

C inakufundisha kupiga hesabu hizi. A nyingi zinakufundisha kuchukua fomula ya Yamane ya ukubwa wa sampuli, ambayo ni ya kukadiria asilimia fulani katika umma, si ya kulinganisha makundi mawili.

Msomi_Njoro
Naona B imeachwa yatima, ngoja niitetee. Mwanakriminolojia hujifunza kwanza kwamba programu inaweza kudhuru. Zile ziara za kuwapeleka vijana gerezani ili watishike zilisifiwa sana Marekani, hadi mapitio ya majaribio ya nasibu chini ya Campbell, mtandao wa watafiti wanaokusanya ushahidi wa programu za jamii, yalipoonyesha kwamba waliopelekwa walitenda makosa zaidi kuliko walioachwa nyumbani. Mtu wa A angeripoti vijana wangapi walipanda basi na wangapi walisema wameguswa.

Pili, B hukufundisha matokeo yenyewe ni nini. Kukamatwa, kushtakiwa na kutiwa hatiani ni vipimo vitatu tofauti. Kukamatwa kunategemea doria: mtaa ukipata kituo kipya cha polisi, "uhalifu" unapanda bila mtu kubadilika. Kutiwa hatiani kunachelewa, kesi ikienda mwaka na nusu itaanguka nje ya kipindi chako cha ufuatiliaji. Mimi ningetumia kushtakiwa, kwa tarehe ya kosa jipya badala ya tarehe ya kufika kortini.

Tatu, "huduma kwa jamii" si kitu kimoja. Mmoja anafyeka nyasi shule ya msingi huko Molo bila msimamizi, mwingine anajenga darasa na fundi anayemfundisha. Kipime: saa zilizoamriwa, saa zilizotimizwa kwenye daftari la mahudhurio, aina ya kazi, nani alisimamia. Bila hivyo, ukikuta hakuna athari hutajua kama wazo ni baya au kazi haikufanyika.

Takwimu_Kisumu
Mwalimu Njoro, hoja ya tatu naikubali yote. Ya kwanza inahitaji karatasi mbili za kusoma, haihitaji miaka miwili ya shahada.

Dada_Nyando
Lanet, umefikiria kubadilisha swali? Kurudia makosa ni matokeo ghali kuyapata. Madai ya fedha ni rahisi: matokeo ni idadi ya siku hadi uamuzi, na yako kwenye rejista, humfuati mtu nyumbani.

Mahakama ya Madai Madogo ina kikomo cha shilingi 1,000,000 na sheria inataka uamuzi ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Ukilinganisha madai ya 900,000 hadi milioni na yale yaliyozidi milioni kidogo yaliyoenda kwa hakimu wa kawaida, una mwanya mzuri. Hatari yake: mdai mwenye 1,050,000 anapunguza dai aingie. Chora histogramu kwa vipande vya elfu kumi. Ukiona mlima chini tu ya milioni na bonde juu yake, watu wamejichagua. Na madeni hupenda namba za mviringo, kwa hiyo jaribu pia kuondoa yale yaliyo milioni kamili uone kama jibu linahama.

Upatanishi unaoambatana na mahakama nao ulianza Milimani, Nairobi, Aprili 2016, kisha vituo vingine vikafuata kwa awamu. Hiyo inakupa kabla na baada pamoja na vituo ambavyo havijaanza. Lakini kesi huchujwa kabla ya kupelekwa kwa mpatanishi, kwa hiyo linganisha kesi zote zilizochujwa, pamoja na zile zilizokataliwa. Awamu zikitofautiana, regreshoni ya kawaida inayoondoa tofauti za kudumu za vituo na za miaka hupotosha, kwa sababu vituo vilivyoanza mapema hutumika kama ulinganisho wa waliochelewa. Na Machi 2020 mahakama zilipunguza shughuli kwa ajili ya korona, kipindi hicho kitenge.

Lanet_Probesheni
Dada Nyando, asante, lakini kazi yangu ni probesheni, nitabaki nayo. Naelekea C. Sasa vibali, na kuoanisha majina ya rejista ya korti na ya gereza?

Karani_Siaya
Kijana, vibali vina mpangilio na ukiuruka unarudishwa. Chuo kipitishe pendekezo, kisha kamati ya maadili iliyoidhinishwa (Maseno, Egerton na Masinde Muliro wanazo), kisha NACOSTI (tume ya taifa inayotoa vibali vya utafiti), kisha barua kwa taasisi yenyewe. Mahakama, Probesheni na Magereza ni milango mitatu, kila mmoja na barua yake, na ruhusa ya hakimu mkuu wa kituo haikufungulii gereza. Barua zote tatu ziandike wiki moja, maana moja itachelewa. Ambatisha orodha ya safu unazotaka, moja moja. Ukiomba "data za wafungwa" utajibiwa hapana.

Kuoanisha: nambari ya kitambulisho kwanza, mahali ilipo. Isipokuwepo, usitegemee jina. Ukanda huu Peter Otieno Onyango wa korti ni Otieno Peter wa gereza, na wako watano. Tumia jina lililopangwa kwa alfabeti, mwaka wa kuzaliwa kwa kosa la mwaka mmoja kila upande, kosa, na nambari ya kesi, ambayo gereza huwa nayo kwenye hati ya kumpokea mfungwa. Jozi 100 zihakiki kwa mkono dhidi ya faili. Wasiooana wasihesabiwe kuwa "hawakurudia", hilo ndilo kosa ninaloliona mara kwa mara. Waliopewa amri ndio wenye rekodi pungufu, na ukiwahesabu wasafi umeipendelea amri kabla ya kuanza.

Faili ya majina na faili ya matokeo ziwe kwenye vifaa viwili, zikiunganishwa na msimbo tu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu hata kama wewe ni afisa mwenyewe.

Hesabu_Bungoma
Nyongeza kwa Lanet: kabla ya kulipa karo ya C, pitia masomo ya mtandaoni ya MIT, chuo cha Marekani, ya data, uchumi na usanifu wa sera. Kusikiliza ni bure, unalipia mtihani wa cheti tu. Ukiona somo la takwimu linakushinda hapo, rudi kwenye A na umtafute msimamizi wa pili kutoka idara ya takwimu, jina lake liwe kwenye barua ya usajili tangu siku ya kwanza.