Hivi mwanga ni wimbi au ni chembe? Naombeni msaada

binti_wa_PCM:
Wakuu habari za jioni. Niko kidato cha sita na kuna kitu kinaninyima usingizi. Tumesoma jaribio la Young, mwanga unapita matundu mawili na ukutani inatokea ile michirizi ya mwanga na giza, nikakubali kabisa mwanga ni wimbi. Wiki iliyofuata tukaingia kwa Einstein 1905, eti mwanga huohuo unakuja vipande vipande, fotoni. Nimemuuliza mwalimu tushike lipi akasema andika vyote viwili maksi utapata. Maksi sawa ila sijaelewa, sasa unageuka saa ngapi kutoka wimbi kuwa chembe??

Mzee_wa_Leza:
Mdogo wangu swali zuri sana hili, usiliache. Anza na zinki. Ukiimulika kwa taa nyekundu hata iwe kali namna gani elektroni haitoki hata moja, lakini mionzi ya urujuanimno hata ikiwa hafifu inazitoa palepale. Ni kama kuangua embe, watoto mia wenye vijiti vifupi hawafikii, anakuja mmoja na upembo mrefu anaangusha. Nguvu za fotoni hazichangwi, kila moja inapambana kivyake, na urefu wa upembo wake ni masafa ya wimbi, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde. Umeona hapo? Hata hesabu ya chembe inadai namba ya wimbi.

kaka_maabara:
Naongezea kwa mkuu hapo juu. Haugeuki. 1909 kule Cambridge mwanafizikia G. I. Taylor alipiga picha ya kivuli cha sindano kwa mwanga aliofifisha kwa vioo vyenye masizi, hafifu kiasi kwamba fotoni zilipita kama mojamoja, picha moja ikachukua kama miezi mitatu, na michirizi ikatoka vilevile! Siku hizi kuna vifaa vinavyonasa fotoni mojamoja, unaona nukta moja hapa, nyingine kule, huwezi kubashiri inayofuata, ila zikishafika maelfu nukta zenyewe zinajipanga michirizi. Kwa hiyo wimbi linakwambia wapi fotoni ina nafasi kubwa ya kutua, na ikitua inatua nzima, hakuna nusu fotoni. Mimi hapo ndo nilielewa.

Jaribu nyumbani, bandika unywele kwenye mdomo wa leza nyekundu, mulika ukuta wa mita tatu, usiku. Usielekeze machoni kwa mtu tafadhali.

binti_wa_PCM:
Kaka nimefanya sasa hivi, taa zote nimezima mpaka mama kaja kuuliza kuna nini!! Badala ya kivuli cha unywele nimeona mstari mrefu mwekundu umekatwakatwa na giza, kutoka giza moja hadi jingine kama sentimita tatu, na katikati ambapo nilitegemea kivuli ndo panang'aa zaidi. Mama naye kaangalia. Sasa elektroni nazo zinafanya hivi?

kaka_maabara:
Zinafanya. Tafuta jaribio la Davisson na Germer, 1927, walizipiga kwenye fuwele ya nikeli. Ukikwama rudi hapa.