Drili mpya ya mezani, chaki (ile inayoshika biti) inadondoka yenyewe, nisaidieni wakuu

fundi_mageti
Wakuu habari za saa hizi. Mi natengeneza mageti na magrili, miaka yote natoboa na drili ya mkono, wiki iliyopita nimejikaza nikanunua ya mezani, mpya, imetoka kwenye boksi imepakwa grisi nzito kila kona. Juzi nikaifunga, nikatoboa flatibaa (chuma bapa) na biti ya milimita 10, tundu la kwanza safi, la pili safi, la tatu navuta biti juu, chaki na shafti yake vimebaki kwenye chuma mashine imepanda peke yake! Nikarudisha nikapiga nyundo, ikadondoka tena. Aliyeniuzia anasema sijui kufunga. Nimeuziwa mbovu?

kijana_wa_spana
Piga welding pointi mbili ikae jumla 😂

mzee_karakana
Usimsikilize huyo. Ile shafti uliifuta kavu kabla ya kuingiza?

fundi_mageti
Niliongeza grisi mzee wangu, isije ikashika kutu 🙈

mzee_karakana
Basi ugonjwa ndo huo. Ile shafti imechongwa nyembamba kwa juu inanenepa kushuka, haina nati wala bolti, inashikwa na chuma kubana chuma tu, sasa wewe umeilainishia njia. Futa kwa petroli kidogo (mbali na welding yako tafadhali), alafu ingiza kidole na kitambaa mle ndani inapokaa, kikitoka cheusi rudia. Meno ya chaki yarudishe ndani yote yasichomoze, ule ulimi wa juu wa shafti utafute uwazi wake, ukishakaa gonga chini ya chaki ukiwa umeweka kipande cha mbao, mara mbili za nguvu inatosha. Meza nayo pima: chomoa plagi, kunja spoku ya baiskeli ufunge kwenye chaki, ncha iguse meza, zungusha puli (gurudumu la mkanda) kwa mkono. Ikigusa kushoto ila kulia ikaacha nafasi, meza imelala, legeza bolti ya chini yake uinyooshe.

dada_fundi
Na mkanda, ule unaopanga kasi, usiuache ulivyokuja. Chuma cha kawaida na biti ya 10 mizunguko kama 800 kwa dakika inatosha, biti ya 20 shuka 400 hivi. Ukitaka taratibu kabisa mkanda ukae puli ndogo ya mota na kubwa ya upande wa chaki. Ifunge na bolti kwenye benchi, ina kichwa kizito ile, na flatibaa ibane na vaisi sio kushika na mkono, biti ikinasa inazunguka nayo kama panga. Glovu vua.

fundi_mageti
Mrejesho wakuu. Kidole kimetoka cheusi mara tatu, ya nne ndo kitambaa kikabaki cheupe. Leo matundu 14 haijatikisika. Spoku imeonyesha meza imelala kulia unene wa kadi ya benki, nimeinyoosha. Ila kijana wangu nimemkuta anataka kuwasha funguo ya chaki bado imo, nimeifunga kwa kamba kwenye mguu wa benchi, fupi isifike kwenye chaki mpaka uifungue. Aliyeniuzia bado sijampigia.